Sauti Iliyoungwa

Kigen alikuwa jirani yangu huko Kesses, ua mmoja tu kutoka kwangu. Alisomea kompyuta chuoni, na wakati wake wa ziada aliutumia kutengeneza gemu. Jumamosi hiyo jua lilikuwa zuri. Nyanya yake, Kogo, alikuwa akipukuchua mahindi uani, naye Kigen alikuwa kibarazani, akiicheka kompyuta yake.

"Mwalimu, kuja uone ushamba wetu."

Mimi ni mtu wa Nyeri, kwa hivyo alinieleza. Kwao mtoto akizaliwa, wanawake humtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Akipiga chafya, basi mwenye jina lililotajwa ndiye amerudi. Wanawake hucheka kwa furaha, na shughuli imekwisha.

"Pua ikiwasha, babu amefufuka," alisema. "Na hawa watu wanapiga kura!"

Gemu yake ilikuwa hiyo: unaita wafu mpaka mtoto wa katuni apige chafya. Sauti ilikuwa ya Kogo. Alimrekodi akisimulia habari za ukoo, bila kumwambia rekodi hizo ni za nini.

Akabonyeza. "Lelmet," ikasema kompyuta.

Kogo aliinuka. Hakutusogelea.

"Huyo sijawahi kumwita," alinong'ona.

Ilikuwa kweli. Lelmet, mzee wa ukoo wao wa zamani, aliwaroga watoto wa ndugu zake wakafa, akafukuzwa, akafia msituni. Jina lake halikuitwa tena kwa mtoto yeyote. Kigen alikuwa amekata vipande vya majina mengine, "lel" kutoka Kiplel na "met" kutoka Kimeto, akaviunga.

"Kila gemu inataka adui, Kogo. Mzee mwenyewe ameoza kitambo."

"Futa."

"Hizo ni story za jaba, porojo tu."

Siku chache baadaye dada yake Kigen, Cherono, alijifungua mvulana. Nilipeleka sukari. Wanaume tulibaki nje, mimi na Kigen karibu na dirisha. Ndani, wanawake waliita majina. Kimya. Wakaanza upya. Wakampaka ugoro puani. Kimya. Mtoto aliwatazama tu, kama mtu anayengoja wajinga wamalize kusema.

"Tutakaa hapa mpaka Krismasi," alisema Kigen. Akatoa simu aliyoiwekea gemu, akainyoosha dirishani, akabonyeza.

Sauti ya Kogo ikaita: "Lelmet."

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyecheka.

Cherono hakuwa ameiona simu. Alimgeukia Kogo, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, mdomo umefumbwa.

"Kogo," alinong'ona. "Mbona umemwita?"

Kigen alifuta gemu pale pale, na rekodi zote. Simlaumu sana. Nimesoma vitabu vingi vya watu wenye akili kama yake, na wengi wao hucheka vivyo hivyo.

Kogo alisema njia ni moja. Mtoto apewe jina lingine mbele ya watu, upesi, kabla hajalizoea hili. Asipopewa, atakayelelewa na Cherono hatakuwa mwanawe.

Jumapili tukaenda kanisani. Padri Wabuge alikuwa mgeni, ametoka Bungoma wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyemweleza lolote.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

"Emanueli," Cherono alisema kwa sauti.

"Emanueli," Kogo alirudia. Kigen pia akalitaja, macho chini.

Padri aliitikia kwa kichwa. Akachota maji. Mtoto hakulia. Alimtazama padri kwa macho makavu, kwa dharau ambayo sijawahi kuiona kwa kiumbe asiyeweza kukaza shingo yake.

Maji yakamwagika.

"Lel," alisema padri.

Akanyamaza kidogo.

"Met. Ninakubatiza..."

Alimaliza maneno yote. Akajifuta mikono, akatutazama kwa tabasamu, akauliza mbona hatusemi Amina.