Zamu za Waifai Nyumbani kwa Mishi

Kila jioni baada ya Maghribi, Mishi, ambaye majirani humwita Mama Rayyan, hufundisha Kurani kwa kompyuta. Wanafunzi wake ni watoto wa familia moja walioko ng'ambo. Yeye anaishi Pumwani, ghorofa ya pili. Katika chumba cha nyuma anakaa babake, Mzee Faki, ambaye hutazama mawaidha kutwa kwenye simu yake ya zamani.

Waifai ya Mishi inatoka kwenye rauta, kijisanduku cha kusambaza intaneti kinachoendeshwa na programu ya Linux. Anaitumia pamoja na jirani yake Shamso, Mama Yahye, wa mlango wa pili. Rauta ilikuwa kando ya mlango, na Mishi aliogopa wezi. Kwa hiyo aliifungia ndani ya sanduku la chuma, akatia kufuli.

Kisha sauti ikaanza kukatika darasani. Mama wa watoto akamwambia waziwazi, "Mwalimu, kesho ikikatika tena, tutatafuta mwalimu mwingine."

Mishi aliumia. Kazi hiyo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Akaamua kwamba wa kulaumiwa ni watoto wa Shamso na gemu zao. Hakuuliza. Alibadilisha neno la siri kimyakimya, akaliweka jipya kwenye kompyuta yake na simu ya Baba tu. Ni rahisi sana kumshuku mtu wa mlango wa pili.

Asubuhi Shamso alibisha hodi. "Mama Rayyan, waifai imepotea kwangu."

"Imeharibika," Mishi akajibu, bila kumtazama usoni.

Alipofunga mlango, alimpigia dadake kwa kompyuta kujaribu sauti. Sauti ikakatika vilevile! Hapo akamwita Nasambu, fundi wa kompyuta wa jengo la pili.

Nasambu alipoona sanduku alicheka. "Mama Rayyan, hii rauta imefungwa jela kwa kosa gani?"

"Nairobi hii, kitu ukikiacha wazi kinatembea."

"Lakini chuma kinazuia mawimbi." Alifungua kompyuta yake, akasoma orodha ya vifaa vinavyotumia rauta. "Simu hii ni ya nani? Imekaa hewani muda mrefu kuliko vifaa vyote."

Mishi akatazama jina la simu. "Hiyo ni ya Baba," akasema polepole.

"Fikiria foleni ya maji," Nasambu akasema. "Kila mtu anajaza mtungi mmoja, anampisha mwenzake. Ni haki?"

"Ni haki."

"Sasa mmoja ana mtungi wa mdomo mwembamba. Ni mtungi mmoja tu, lakini foleni nzima inamngoja. Simu ya Mzee ni ya zamani, iko mbali, na chuma kinaizibia mawimbi. Kwa hiyo inapokea polepole. Wakati huo kompyuta yako inangoja."

"Kwa hiyo nimzimie Baba?"

"Hapana! Tutagawa zamu kwa muda, si kwa mitungi. Linux inaweza kazi hiyo. Aliyewawekea rauta aliizima kazi hiyo tu."

"Baba si atabaki na kidogo?"

"Tukiitoa kwenye chuma, atapata kuliko jana."

Nasambu aliwasha mpango huo wa zamu. Rauta wakaitundika juu, ukutani sebuleni, mbali na mlango. Walijaribu tena. Mzee Faki akaita kutoka chumbani, "Mishi! Leo sheikh hakwami!"

Jioni darasa lilienda vizuri mpaka mwisho. Mama wa watoto akasema, "Mwalimu, tutaendelea na wewe." Mishi alifurahi, lakini furaha yake haikukaa. Alivaa buibui, akabisha kwa Shamso.

"Mama Yahye, haikuharibika. Mimi ndiye niliyekufungia. Nilidhani ni watoto wako. Kumbe ilikuwa simu ya Baba na sanduku langu mwenyewe. Nisamehe."

Shamso alifungua mlango kabisa. Nyuma yake watoto walikuwa wamekaa mkekani, wakichora.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Hawa siku zote nawanyang'anya simu baada ya Maghribi, mpaka umalize darasa."

Mishi akachukua simu ya Shamso, akaandika neno jipya la siri kwa mkono wake.