Matonge Manane Chini ya Ungo

Polisi alikuwa mbwa wa Salome, mjane wa kijiji cha Kemambo. Tangu mume wa Salome afariki, mbwa huyo ndiye aliyelinda ng'ombe wake watatu. Wezi walishaingia kaya mbili za jirani. Kwa Salome hawakuthubutu.

Wiki moja Polisi aliumia mguu. Osward, bwana mifugo wa kata, alileta vidonge kumi vya maumivu.

"Kimoja kwa siku, mama. Usizidishe."

Siku ya kwanza Polisi alikitema kidonge. Salome akakificha ndani ya tonge la ugali na dagaa, mbwa akameza bila kujua. Siku ya pili palizi ilimbana. Alfajiri alitengeneza matonge ya siku zote zilizobaki, kila moja na kidonge chake. Moja akampa Polisi. Manane akayafunika kwa ungo jikoni, akaenda shambani.

Aliporudi saa tatu, ungo ulikuwa chini. Halikubaki tonge hata moja.

"Mungu wangu!"

Polisi akamtikisia mkia.

Jirani yake, mzee Wangwe, alikuwa anapitisha ng'ombe.

"Shikamoo mzee. Mbwa amemaliza dawa zote!"

"Marahaba. Si huyo anacheza? Mnyweshe maziwa, yatakata sumu. Mbwa wako ana tumbo la chuma!"

Salome akamnywesha maziwa, akasubiri. Alasiri Polisi alitapika damu. Jioni hakuweza kusimama. Ndipo Salome akapiga simu.

Osward alifika na pikipiki.

"Amekula vingapi?"

"Vinane, na kile cha asubuhi."

"Saa ngapi?"

"Kabla ya saa tatu."

"Sasa ni saa kumi na mbili, mama! Mbona hukunipigia pale pale?"

"Alikuwa anacheza. Nikadhani maziwa…"

"Maziwa hayaondoi dawa tumboni. Na madhara huchelewa kuonekana. Ungenipigia mapema, ningemtapisha kwa dawa kabla vidonge havijaingia mwilini. Usimtapishe mwenyewe, wala usimnyweshe chumvi. Shika pakiti, hesabu vilivyoliwa, piga simu. Usisubiri augue."

Akamtundikia Polisi dripu. Salome alipiga magoti kando ya zizi. Aliomba siku mbili. Maneno yalimwishia, akabaki kusema, "Baba, Baba." Siku ya tatu Polisi akafa.

"Nimemuua kwa mkono wangu," Salome alimwambia Wangwe.

Mzee alitazama chini. "Maziwa niliyasema mimi."

Salome hakuandaa tena dawa ya kesho leo. Dawa zote za nyumbani alizifungia kwenye sanduku la bati. Lakini zizi halikuwa na mlinzi, na kila jioni alitoka mara mbili kuhesabu ng'ombe.

Mwezi uliofuata Wangwe alikuja anahema, ameshika pakiti.

"Salome! Mbwa wangu amekula vidonge vya presha vya mke wangu! Vitano havipo. Ni sasa hivi tu. Sijampa kitu chochote. Mpigie bwana mifugo, simu yangu imezima!"

Salome akapiga. Osward alifika upesi, akamchoma mbwa sindano ya kumtapisha, akakaa naye mpaka jioni.

Kesho yake asubuhi Salome alikuwa anakamua. Akasikia mbwa anabweka kwa Wangwe. Akaweka kibuyu chini.

"Asante, Baba," alisema. Kisha akalia mpaka ndama akaja kumlamba mkono.