Macho ya Mtakatifu Lusia

Saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka oili na soksi mbichi. Nyundo, kiongozi wao, alitandaza picha ya dirisha la kanisa juu ya boneti la gari bovu. Mtakatifu Lusia alisimama humo kwa vioo vya rangi: joho jekundu, damu ya mashahidi; tawi la mtende, ushindi wao; na mkononi sahani yenye macho mawili ya buluu.

"Tunabandua sahani tu," Nyundo alisema. "Mteja anataka macho."

"Ana macho usoni, na mengine kwenye sahani!" Breki, dereva wao, alicheka. "Mimi haya mawili tu yananishinda."

"Funga bakuli lako." Nyundo akamgeukia mkata vioo, waliyemwita Almasi. "Mchana kuna nani?"

"Hakuna mtu. Mlinzi huenda kula."

"Na mama yako?"

"Huja Ijumaa. Leo Jumatano."

"Haya. Atakayetuona, hasimulii." Akaipapasa nyundo kiunoni, ile iliyompa jina.

Macho ya mama yake Almasi yalikuwa yanaingia kiza. Kila Ijumaa alikaa benchi la chini ya dirisha lile, kumwomba Lusia, mwombezi wa wenye macho mabovu, jua likimpaka rangi mapajani. Lakini wiki hiyo Almasi hakulala nyumbani hata siku moja. Hilo hakulipigia hesabu. Mama asiyemwona mwanawe hangoji Ijumaa.

Saa sita mchana.

Breki alichungulia mlangoni, akaona mabenchi matupu. "Kweupe," akasema, akarudi garini.

Kwa nje dirisha lilikuwa jeusi tii. Almasi na Nyundo walipanda kwa ngazi hadi jukwaa la mafundi ukutani, wakiwa na ovaroli za wapaka rangi. Almasi alikunja tepe za madini laini ya risasi zilizoshika vioo, polepole, kama anamenya yai. Sahani ikalegea. Ikatoka nzima.

Mwanga mweupe ukadondoka ndani.

"Jamani, buluu yangu imekwenda wapi?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Almasi alichungulia tunduni. Mama yake alikuwa amepiga magoti nyuma ya benchi, akigeuzageuza viganja juani. Rangi ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho.

"Ijumaa, eh?" Nyundo alifyonya, akaanza kushuka.

"Bosi, ni mama yangu! Haoni!"

"Tundu kaliona."

Mlango wa pembeni ulilia. Nyundo aliingia, chuma mkononi. Almasi hakufikiri. Akaivurumisha sahani tunduni.

Ilipasukia sakafuni, miguuni pa Nyundo, kwa kishindo kilichofika barabarani.

"Wezi!" mtu akapiga yowe nje.

Breki alikuwa wa kwanza kusikia, na wa kwanza kuondoka na gari. Nyundo aligeuka kukimbia, akagongana mlangoni na mlinzi aliyekuwa bado na tonge mdomoni, na nyuma yake wapita njia tele. Wakamlaza chini.

Hakuna aliyetazama juu, alipokuwa Almasi. Ngazi ilikuwa wazi, ukuta wa nyuma mfupi.

"Nani kavunja macho ya Lusia?" mama aliuliza. Akaanza kupapasa sakafuni, vidole vikielekea kwenye ncha za vioo.

Angenyamaza na kushuka, mama asingejua kamwe kuwa ni yeye.

"Usiguse, mama! Vitakukata!"

Mama akatulia. Akainua uso kuelekea kwenye mwanga.

"Kumbe uko hapa," alisema. "Nami nakuombea urudi nyumbani."

Ngazi ikaanza kutikisika. Watu walikuwa wanapanda kumfuata.