Kiu Ndani ya Tangi

Haya yalimpata rafiki yangu mmoja, fundi seremala, na hadi leo ukimgusia anabadilisha mazungumzo. Ndani ya stoo yake alijenga tangi la plaiwudi refu kama kitanda, lenye kioo mbele, afugie matumbawe na samaki wa baharini. Akalipaka rangi ya kuzuia maji, akalijaza maji ya chumvi kulijaribu.

Kaka wa mkewe, waliyekuwa wakiishi naye, alicheka sana. "Shemeji, mbao na maji wapi na wapi?"

Kila kukicha maji yalikuwa yamepungua, na sakafu kavu kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako, seremala akajisemea. Akaapa kwamba akimfuma shemeji akiyachota, atamfukuza. Mchana mmoja akaziba dirisha la stoo, akajifungia humo gizani kwa komeo, akatega sikio.

Punde akasikia maji yakigugumiwa: gu, gu, gu, kama anayekunywa ana kiu ya siku nyingi. Kimya. Huyo mnywaji akahema. Akaendelea kunywa.

"Shemeji, leo nimekukamata!"

"Umenikamata wapi?" Sauti ilitoka uani. "Si niko huku namsaidia dada kuanika nguo?"

Mle ndani kugugumia kukakoma. Seremala akawasha tochi. Komeo lilikuwa mahali pake. Maji yalikuwa yametulia tuli, yameshuka hadi nusu ya kioo. Juu ya maji hayo, kwa upande wa ndani, kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi, mviringo, mdogo kama mdomo. Ukafifia. Kisha ukajitokeza tena, safari hii mkabala na uso wake.