Maini ya Sajini

Jumamosi ile soko la Mgandini halikuwa na pa kukanyaga. Watu wa harusi walikuwa wakinunua kuku kwa matenga, na harufu ya maji ya moto na manyoya mabichi ilitoka hadi barabarani. Yudith alisimama mbele ya banda la kuku, dera lake la zambarau amelikunja upande mmoja lisiguse tope. Mkononi alikuwa na kikapu cha ukindu, ndani yake kipande cha boga peke yake.

"Kaka, habari ya kazi. Vichwa vya kuku unauzaje?"

Muuzaji, kijana mrefu mwenye kofia ya viua na aproni ya mpira, hakuinua macho. "Vimekwisha. Watu wa supu wamevibeba vyote."

"Na miguu je?"

"Imefuata vichwa. Ile haiachani, bibie, ndugu wale."

Yudith hakutaka kucheka, akacheka. Kijana akainua uso ili amwone huyo anayecheka vizuri hivyo, na kisu kikasimama juu ya ubao.

"Unampikia nani, hata uhangaike na vichwa?"

Yudith alihamishia kikapu mkono wa pili. Ukweli ni kwamba alikuwa akimtafutia mbwa chakula. Mbwa mwenyewe alikuwa mzee, anaitwa Sajini. Baba yake Yudith, Mzee Eliudi, alikuwa mlinzi wa shamba la mkonge huko Muheza, na Sajini ndiye aliyekesha naye miaka yote. Kiharusi kilipompiga mzee, Yudith aliwachukua wote wawili akawaleta Tanga, kwenye vyumba vyake viwili vya kupanga Mabawa. Mzee hakuongea tena. Neno pekee lililobaki mdomoni mwake lilikuwa jina la yule mbwa.

Sasa Sajini alikuwa amekonda mbavu zikahesabika. Daktari Ruthi wa mifugo alisema ugali mtupu na makombo hayamtoshi: apewe wali laini, boga, nyama ya kuku isiyo na mfupa, pasiwe na chumvi wala kitunguu. Au anunuliwe chakula cha mfuko, kile cha kutoka nje. Yudith aliuliza bei ya mfuko, akaurudisha taratibu kwenye rafu kama mtu aliyeshika kitoto cha wenyewe. Mfuko mmoja ulikuwa bei ya umeme na dawa za baba.

Lakini atamwambiaje haya kijana mwenye kofia, kwenye mji ambao mbwa akipita karibu watu hukusanya kanzu zao?

"Nyumbani kuna mgonjwa," akasema. Hakuwa amedanganya.

"Mgonjwa halishwi vichwa, dada yangu." Kijana akageuka, akachota maini kwenye beseni, akayafunga. "Haya yanarudisha damu. Chukua. Mimi naitwa Abdulghani, lakini ukiniita Ghani nitaitika haraka zaidi."

Ndivyo yalivyoanza. Sajini aliyafakamia yale maini mpaka akalamba sakafu, na Mzee Eliudi alipomwona mbwa wake anakula, akafungua kinywa akanywa uji wote. Yudith alisimama mlangoni na kijiko mkononi, machozi yanamtoka. Kesho yake alirudi sokoni.

Alirudi na keshokutwa yake pia. Kwenye duka la ushonaji alikofanya kazi, Barabara ya Nane, wenzake waliona ameanza kuvaa hereni siku za kazi, na nywele amezisuka mistari ya kwenda nyuma. Ghani naye alinunua aproni mpya. Jioni simu haikutulia.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Wewe unanuka kuku mpaka kwenye simu."

"Hayo ndiyo manukato yangu. Wenye pua zao huyalipia. Baba, mgonjwa wangu, hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Mwambie nampenda yeye, na binti yake nampenda kidogo zaidi."

Kila siku alimwekea maini, mazuri, mekundu, amechagua mwenyewe. Kila siku Yudith alijiambia leo atasema. Kisha Ghani angetabasamu akimkabidhi, na maneno yakarudi tumboni. Akikosa sababu ya maini, atapita bandani kwa sababu gani?

Jioni moja wakiwa kwenye simu, Sajini alikuja akajitupa juu ya miguu ya Yudith kama desturi yake.

"Sajini, hebu toa kichwa mapajani mwangu," Yudith alisema bila kufikiri. "Huoni naongea na simu?"

Upande wa pili ukatoa mlio mmoja mfupi.

"Ghani? Haloo?"

Simu ilikuwa imekatwa. Alipopiga tena, haikupokelewa. Siku zilizofuata haikupokelewa pia. Yudith alitafuta kosa lake, hakuliona. Hatimaye akajifunga mtandio, akaenda sokoni.

Ghani alimwona akiwa mbali, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

"Ghani, nimekukosea nini?"

"Karibu, mteja. Tukuhudumie nini?"

"Mimi ni mteja tangu lini?"

"Tangu nilipojua nalisha polisi." Alipanga upya kuku waliokwisha kupangwa. "Mwambie Sajini wako aje anunue maini mwenyewe. Mshahara anao. Mapaja ya kulalia anayo. Mimi ni nani?"

Yudith alimkodolea macho. Kisha akaelewa, kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, kicheko cha mtu aliyechoka. "Sajini ni mbwa, Ghani! Mbwa wa baba. Maini yote yale alikula mbwa!"

Mama mmoja aliyekuwa akichagua kuku aliguna, akasogea hatua moja pembeni. Yudith alidhani Ghani naye atacheka, mambo yaishe. Ghani hakucheka.

"Mbwa," alisema polepole.

"Mbwa. Nilishindwa kukwambia. Niliona vile..."

"Uliona nini? Kofia? Ukasema huyu ni Mwislamu, atanitemea mate?" Aliweka kisu mezani. "Kumlisha kiumbe mwenye njaa ni thawabu, Yudith, hilo tumefundishwa tungali watoto. Ungeniambia, ningekupa vilevile. Lakini mimi nilikuwa kila siku namwombea baba yako, nasema yale maini yamfae. Na wewe ulikuwa unanitazama tu."

Yudith aligeuka. Aliondoka, na kikapu kitupu kilimgonga mguuni njia nzima.

Jioni ile Sajini alitapika. Asubuhi hakugusa chakula. Alilala chini ya kitanda cha mzee, ulimi nje, macho yamefifia. Mzee Eliudi alimtazama, akafunga kinywa, na uji ukamtiririka kidevuni. Yudith alimwita Daktari Ruthi, akaja, akamkagua mbwa, akampima damu, akarudi na majibu siku ya pili.

"Ulikuwa unampa nini?"

"Maini ya kuku."

"Kila siku?"

"Kila siku, daktari. Mengi. Alikuwa anayapenda."

Daktari akavua miwani. "Maini kidogo, mara mojamoja, ni chakula kizuri sana. Lakini figo za huyu zimechoka kwa uzee, na maini ya kila siku yamemwongezea mzigo. Sasa mpe wali na boga, nyama nyeupe kidogo, ute wa yai, na maji muda wote. Hatapona, mwanangu. Utampunguzia tu."

"Ningempa hivyo tangu mwanzo?"

"Angezeeka hivihivi. Labda polepole zaidi."

Hilo "labda" lilibaki na Yudith. Boga alikuwa nalo tangu siku ya kwanza. Maagizo alikuwa nayo. Alichokuwa akikifuata bandani hakikuwa afya ya mbwa, na hilo alilijua yeye na Mungu wake. Alipika wali, akauponda na boga, akamsogezea. Sajini akageuza pua. Akampa mzee uji, mzee akageuza uso. Akakaa chini kati yao, bakuli mbili mikononi, hana wa kumlisha.

Jumapili kengele ya kanisa ililia, naye hakutoka. Alichukua simu akapiga, na mara hii ikapokelewa.

"Sikupigii uje unisamehe," alisema kabla Ghani hajatoa salamu. "Hawali. Mbwa hali, na baba hali kwa sababu mbwa hali. Nimeshindwa, Ghani. Sijui nifanye nini tena."

"Mabawa ipi?"

"Nini?"

"Nyumba, Yudith. Ni ipi?"

Alifika kwa baiskeli, kanzu ameikunja hadi magotini, kwenye usukani kuna mfuko wa vidari vya kuku na mayai. Alimsalimia mzee kwanza, akainama: "Shikamoo, baba." Mzee alimtazama. Kisha Ghani akamwona Sajini chini ya kitanda, akarudi hadi mlangoni. Maishani mwake hakuwahi kumgusa mbwa. Yudith alimwona akijifuta viganja kwenye kanzu.

"Si lazima," Yudith alisema.

"Niletee sufuria."

Alichemsha kidari bila ngozi, akakichambua nyuzi nyembamba, akachanganya na wali na boga, akapoza kwa pepeo. Yudith alimweleza maneno ya daktari, na habari ya maini, na kwa nini aliendelea kuyafuata. Hilo la mwisho alilisema akiangalia sufuria.

"Kwa hiyo tumemwumiza sote wawili," Ghani alisema. "Mimi nilikuwa nakuchagulia makubwa."

Alipiga goti, akaweka tonge kwenye kiganja, akanyoosha mkono chini ya kitanda. Aliuacha hapo. Sajini alinusa. Akanusa tena. Halafu akatoa ulimi, akala tonge moja, na la pili, la tatu akaliacha.

"Sajini," Mzee Eliudi alisema kitandani. Yudith akamwekea kijiko mdomoni, akakipokea.

Baadaye walitoka uani, Ghani anawe. Yudith alimchotea udongo safi, kama Ghani alivyomweleza kuwa dini yake inataka kwa aliyelambwa na mbwa, akamsugua kiganja, kisha akamwagia maji kwa kopo, mara ya kwanza, ya pili.

"Hatapona," alisema.

"Najua."

"Leo amekula. Kesho huenda asile."

"Nitapika tena. Zaidi ya hapo sina." Ghani alitazama maji yakipotea mchangani. "Yudi, nataka kuwaleta wajomba zangu kwa baba yako."

Kopo likasimama hewani. "Kwenu watasema nini? Binti wa kanisani, na mbwa juu yake?"

"Mama ameshasema. Bado anasema mpaka sasa hivi."

"Na kwa baba utaniposaje, Ghani? Mzee hasemi. Hajui kusema ndiyo, hajui kusema hapana."

Ghani alikinga mikono apate maji mengine.

"Basi tutakaa naye," alisema, "mpaka ajibu."