Walimwekea Mwanangu Matanga Angali Hai

Nina miaka arobaini na tatu, ni mjane, nauza mandazi karibu na soko hapa Bunia. Watu wa kartie, mtaa wetu huu, wananisema kwamba silii. Ni kweli, ndugu zangu, silii... Machozi ya mwanangu yalikwisha kumwagwa na wengine kabla zamu yangu haijafika.

Nilikuwa na mtoto mmoja tu, Baraka. Baba yake alifariki tulipokimbia vita vya Djugu, mtoto akiwa bado mgongoni. Nikamlea kwa unga na mafuta mpaka akafika mwaka wa mwisho wa sekondari. Alikuwa mrefu, mpole, anakula polepole hadi unakereka, na uji wake lazima uwe na sukari nyingi. Ndiyo mali niliyokuwa nayo.

Kampeni ilipoanza, akina mama wakanichagua niwaongoze katika chama cha njano. Jina la chama silitaji, rangi inatosha. Nilichaguliwa kwa sababu ya sauti. Nikisimama kwenye sono, vile vipaza sauti vya kampeni, hata wauza samaki wa mwisho wa soko wananisikia.

Chama cha bluu nacho kilikuwa na sauti yake, Mama Riziki, mke wa dereva wa lori lao la kampeni. Eh, tulitukanana! Mimi nilitangaza kwamba amenunuliwa kwa kipande cha sabuni. Yeye akatangaza kwamba mandazi yangu yana mchanga kama ahadi za Mheshimiwa wetu. Watu walicheka, na wateja wengine wakanihama kabisa. Nilimchukia, nisiwadanganye. Nikimwona ng'ambo ya barabara na fulari yake ya bluu kichwani, nilikuwa natema mate chini.

Siku moja misafara miwili ilikutana njia panda. Wetu unapanda, wao unashuka, na hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake. Ni barabara tu, jamani... Mtu angerudi nyuma kidogo tu, yangekwisha. Lakini kila upande sono ilikuwa inapiga kelele kwamba anayerudi nyuma ni mwanamke. Mawe yakaanza.

Baraka alipigwa jiwe la kichwa. Baba Riziki, yule dereva, vijana wetu walimvuta kutoka kwenye lori lake na mguu ukavunjika. Gari lililokubali kuwabeba lilikuwa moja, likatupeleka sote Nyankunde, kwenye hospitali. Mimi na Mama Riziki tulikaa nyuma, kila mmoja kampa mwenzake mgongo, wagonjwa wetu katikati.

Mnajua hospitali zetu. Daktari anatibu, lakini chakula ni kazi ya aliyemsindikiza mgonjwa. Unakuja na sufuria yako, makaa yako, na mbabula yako ya kupikia, unakaa uani na wenzako. Mimi nilikuwa na mbabula yangu ya mandazi, niliyokwenda nayo kwenye msafara, lakini sikuwa na makaa. Mama Riziki alikuwa na gunia la makaa ya kuwapikia watu wa lori lao, mbabula imebaki njia panda, imekanyagwa. Tulikaa hivyo mchana mzima, mwenye mbabula hana makaa, mwenye makaa hana mbabula, na wagonjwa ndani wana njaa. Tulikuwa na akili kweli?

Bibi mmoja kutoka Niania, aliyekuwa anauguza mjukuu wake, sote tukimwita Koko, ndiye aliyechoka kututazama. Akachukua makaa ya huyu, akayatia kwenye mbabula ya huyu, akawasha, akarudi kwenye mkeka wake.

Tangu hapo tukapika pamoja. Uji wa Baraka kwanza, kisha maharagwe ya Baba Riziki. Mimi nikienda kufua, yeye anamlisha mwanangu. Yeye akienda kuteka maji, mimi namgeuza mume wake. Kumbe naye alikimbia Djugu, njia ileile, akalala kwenye shule ileile. Kumbe naye kila siku anampigia simu kiongozi wake na simu inaita tu. Hatukuombana msamaha. Tulikuwa tunaulizana kama chumvi ipo.

Baraka alipasuliwa kichwa na akaamka. Akaanza kusema. Akaniuliza kiatu chake kimoja kiko wapi. Muuguzi akaniambia anaendelea vizuri, ila bado, tusubiri. Lile neno "bado" mimi nililisikia nusu.

Sasa sikilizeni.

Mchana mmoja Koko alikuwa na redio yake, tunasikiliza matangazo ya vifo kama kawaida. Nikasikia jina la mwanangu. Jina lake na jina la baba yake... Chama cha njano kinatangaza kwa uchungu kifo cha kijana shujaa aliyeuawa na watu wa bluu. Matanga yamewekwa kwa mama yake. Jumapili baada ya misa vijana wote wakutane hapo, waandamane mpaka kartie ya wauaji.

Nilikuwa nimeshika mwiko. Sikuuweka chini. Nikageuka, nikamwona Baraka kupitia dirishani, anakuna shavu.

Tangazo lililofuata lilikuwa la chama cha bluu. Baba Riziki naye ameuawa, na watu wa njano. Matanga kwake. Maandamano Jumapili, baada ya misa.

Mama Riziki akaingia ndani mbio. Akarudi polepole. "Iko anakula," akasema.

Nikapiga simu nyumbani. Dada yangu mdogo alipokea huku analia, nyuma yake nasikia ngoma na viti vinaburutwa. Nikamwambia mtoto ni mzima. Simu ikachukuliwa na prezida wetu wa seksheni, mkubwa wa chama mtaani kwetu. Akasema kwa sauti ya upole kwamba wanaelewa uchungu wangu, nipumzike, wao wanashughulika na kila kitu. Kisha nikamsikia anawaambia watu kwamba mama wa marehemu kachanganyikiwa. Nikapiga tena. Haikupokelewa. Simu zetu zote mbili zilikuwa ndogo za kubonyeza, hata picha hazipigi.

Hapa Ituri tunajua matanga ya hasira yanaishiaga wapi. Vijana wanalala nje, wanakunywa, wanaimba, kila saa mtu anasimama kusema. Ikifika siku ya maandamano hakuna tena wa kuwashika. Na watoto wa kartie zile mbili ndio wateja wangu, nawajua mmoja mmoja.

Nilifikiri kwenda peke yangu. Mama Riziki akakataa. Maneno yake nayakumbuka.

"Watu yako hawatakusadiki, watasema uchungu imekuharibu kichwa. Watu yangu, vile vile. Lakini miye niende kwako niseme mutoto yako iko muzima, weye uje kwangu useme bwana yangu iko muzima. Adui atadanganya hivyo kwa faida gani?"

Nikaenda kumuaga Baraka. Alikuwa anasinzia. Nikamweleza kwamba wamemwekea matanga. Akatabasamu, akauliza kama wamepika wali.

"Uende, mama," akasema. "Ukirudi uniletee kambambili zangu. Nikitoka hapa sitatembea na kiatu kimoja."

Nikamwachia Koko. Sisi wawili tukapanda pikipiki moja nyuma ya motari, dereva wake. Njiani nilimshika Mama Riziki kiuno, na yeye kakaza fulari yake ya bluu isipeperuke. Nilimwambia aivue kabla hatujafika kwetu. Akanijibu kwamba akiivua hatakuwa na maana yoyote pale.

Uwanjani kwangu sikupatambua. Hema kubwa la njano. Viti vya kukodi. Masufuria makubwa kama ya kulisha askari. Picha ya Baraka wameikuza kutoka kadi yake ya shule, wameizungushia maua. Na akina mama wangu, wale niliowaongoza mimi, wanaimba nyimbo nilizowafundisha mimi, wameingiza jina la mwanangu pale tulipokuwa tunamtaja Mheshimiwa.

Waliponiona walipiga yowe wakanikumbatia. Nikasema yuko hai. Wakazidi kulia. Kila nilivyosema ndivyo walivyonihurumia! Prezida wa seksheni akanishika bega, akawaambia watu waniletee maji.

Ndipo Mama Riziki akasogea mbele. Vijana wengine walikwisha kusimama.

"Munaniona," akasema. "Miye niko mutu wa bluu, na siku ya kura nitapiga bluu. Lakini Baraka hakukufa. Asubuhi nimemupatia uji na mukono yangu."

Kelele zikaanza. Baba mkubwa wa Baraka, kaka wa marehemu mume wangu, akainua mkono. Ni mtu wa maneno machache. Akamuuliza, kama kweli amemwona, aseme kuna nini kwenye mwili wa mtoto.

"Kidole kikubwa ya muguu ya kushoto haina ukucha," Mama Riziki akajibu. "Niliosha ile miguu."

Mzee akakaa. Ukucha ule uliondoka kwa jembe lake mwenyewe, Baraka akiwa mdogo, na aibu ile hajawahi kuisahau. Kisha akainuka akaenda kuzima sono kwa mkono wake. Akawaambia wapishi washushe masufuria. Prezida alianza kusema kitu kuhusu mipango ya Jumapili, akakuta watu wanamtazama tu.

Tukaenda upande wa bluu. Huko ilikuwa zamu yangu, na fulari yangu ya njano kichwani. Kijana mmoja aliokota jiwe. Sikuogopa, sijui kwa nini. Niliwaambia Baba Riziki ni mzima na kila siku ananisumbua kwamba maharagwe yangu hayana chumvi. Mama mmoja mzee akacheka huku machozi yanamtoka, akasema basi ni yeye, hakuna mwingine. Jiwe likatua chini.

Jumapili haikuandamana mtu. Mliokuwa Bunia, hamkusikia kitu kwa sababu hakikutokea kitu.

Jioni ya siku ile ya kuzunguka matanga mawili barabara ilikuwa imefungwa, hatukuweza kurudi. Mama Riziki alilala kwangu, kitandani kwangu. Asubuhi nikatia kambambili za Baraka kwenye mfuko, na sukari, tukaondoka.

Tulipofika uani niliona mbabula yangu. Ilikuwa baridi. Koko alikuwa amekaa kando yake na hakusimama kunisalimia... Mtu wa Niania haketi hivyo mgeni akifika. Nikajua.

Damu ilirudi kuvuja kichwani mwa mwanangu alfajiri. Madaktari walijitahidi, siwalaumu. Koko akanieleza kwamba Baba Riziki, na mguu wake ule, aliomba asukumwe mpaka kwenye kitanda cha mwanangu, akamshika mkono mpaka mwisho. Baraka aliniita. Baba Riziki akamjibu kwamba mama yuko njiani.

Nilikuwa wapi mimi? Nilikuwa Bunia, nathibitisha kwamba yuko hai.

Nikampeleka nyumbani. Hema lilikwisha kuondolewa. Sikuwa na kitu, tukafunga bashi, turubai ya plastiki, kwenye ukuta na mti wa jirani. Na watu hawakuja, ndugu zangu. Wengine walisema ni siasa tena. Wengine walisema huyu mama juzi kaapa mtoto ni mzima, leo analeta maiti, anatuchezea? Wale walioliona jeneza wakapita wameinamisha kichwa, maana walikwisha kulia na hawakujua walie namna gani mara ya pili. Nyimbo zilikuwa zimekwisha.

Prezida wa seksheni alikuja na fulari mpya za njano, akasema sasa shujaa ni shujaa kweli. Baba mkubwa alimtoa uwanjani kwa kumshika mkono, bila ugomvi.

Mama Riziki alikuja na akina mama wa bluu. Walikuwa wamevua fulari, vichwa vitupu. Walileta makaa. Walipika, waliosha vyombo, wakalala na mimi chini kwenye mkeka mpaka tukamaliza matanga. Mimi nilikaa tu nikitazama ukuta. Machozi niliyatafuta, sikuyapata hadi leo.

Baada ya kura Mheshimiwa wa njano na Mheshimiwa wa bluu waliungana. Picha yao ilikuwa kila mahali, wameshikana mikono. Watu walikuja kunionyesha wakidhani nitakasirika. Nikawauliza kama wanataka mandazi.

Ninyi mnaonisoma, na hasa ninyi akina mama, sina hekima ya kuwafundisha. Vaa rangi unayotaka, piga kura unayotaka. Lakini usikubali mtu wa siasa atangulie kumlilia mwanao. Ukisikia jina la mtoto wa jirani kwenye sono, hata wa upande ule usioupenda, inuka uende kumwona kwa macho yako kabla hujashika jiwe. Na kama una mbabula na mwenzako ana makaa, msingojee hospitali.

Watu wananiuliza kama ningejua, ningeenda? Sijui. Kila asubuhi vijana wa kartie zile mbili wanakuja kununua mandazi kwangu. Wananisukuma, wananitania, wananidai chenji. Nawatazama mmoja mmoja, wazima wote, na kambambili miguuni. Za Baraka ziko bado kwenye mfuko. Nawafungia mandazi yao, wanakwenda shule.