Mama Hahangaiki

Simu ya Mama Uzi iliita kabla hajatia uzi kwenye sindano. Aliibana kati ya sikio na bega, mikono ikiendelea na kazi.

"Niambie, shoga... Aa, nipo tu. Nahangaika hapa na vitambaa."

Mbele yake kulikuwa na sketi za shule zilizokatwa na kupangwa kwa saizi. Nyuma yake mashati yalisubiri vifungo. Hata hivyo, kila aliyemuuliza habari za kazi alipata jibu lilelile: nahangaika tu.

Binti yake alikuwa sakafuni akiokota vifungo vilivyomwagika. Wateja walimwita Uzi kwa wembamba wake, na kwa kuwa alikulia chini ya meza hiyo ya kushonea. Siku hiyo kila akiokota kifungo, kilimponyoka.

"Una nini wewe?" mama aliuliza alipokata simu. "Vifungo vinakuogopa, au wewe ndiye unaviogopa?"

"Chuo kinafunga maombi Ijumaa, mama."

Mama aliiweka sindano chini.

Uzi alitaka kusoma shahada ya biashara. Chuo alichokipenda kilikuwa na nafasi chache na waombaji tele. Mwaka uliopita aliomba, akajibiwa kwa neno moja tu: Hukuchaguliwa. Hakuambiwa alikosea wapi. Sasa alikuwa akiomba tena, na chuo hicho hakikupokea maombi ya mara ya tatu. Akikosa safari hii, basi tena.

"Si alama zako ni nzuri?" mama aliuliza.

"Hata mwaka jana zilikuwa nzuri."

 Mama alikanyaga cherehani, lakini mshono ulikwenda upande.

Jioni Uzi alibisha hodi kwa jirani wa mlango wa pili. Jirani huyo alifanya kazi katika ofisi ya udahili ya chuo kingine. Kila msimu alisoma maombi mpaka macho yakawasha. Watoto walimwita Dada Miwani.

"Shikamoo, dada. Naomba unisomee maombi yangu. Makosa ya herufi tu."

"Marahaba. Leta. Mbona umekunja uso, umeniletea maombi au barua ya msiba?"

Uzi alimkabidhi karatasi. 

Dada Miwani alisoma mstari wa kwanza wa insha. Kisha aliinua uso, akaendelea bila kutazama karatasi: "'Tangu utotoni nina ndoto ya kuwa mjasiriamali wa kimataifa. Nilimsaidia baba yangu katika duka lake la vifaa vya ujenzi...'"

Uzi alimkatiza. "Umeijuaje?"

"Nimeisoma wiki hii. Mwaka jana pia niliisoma. Huyu baba ana watoto wengi kweli, na wote wanaomba chuo." Hakutabasamu. "Nani amekupa?"

"Kaka Printa." Huyo alikuwa mwenye kibanda cha kuchapa, pale kona. "Alisema wakubwa wanapenda maneno mazito. Alisema hii ndiyo inayopita."

"Na mwaka jana ulipeleka ipi?"

Uzi aliinamisha kichwa. "Hiihii."

"Uzi. Baba yako alikuwa na duka?"

"Baba alifariki kabla sijajua kutembea."

"Basi umemfungulia marehemu duka." Dada Miwani aliiweka insha mezani. "Kwetu, tukikuta insha mbili zinazofanana, tunaziweka pembeni zote mbili. Hatufiki hata kwenye alama."

"Kwa hiyo wameshaniandika kwamba ni mwizi?"

"Sijui. Kile si chuo changu. Siwezi kukudanganya ili ulale vizuri."

 Uzi alitamani kuzichukua karatasi zake akimbie. Lakini Dada Miwani alikuwa amekwisha kufungua ukurasa wa pili, na uso wake ulizidi kubadilika.

"'Kazi ya mzazi: hana. Uzoefu wa biashara: hakuna.' Haya nayo umepewa na Kaka Printa?"

"Hapana. Hayo ni yangu. Mama hajaajiriwa, dada. Anahangaika tu."

Mlango ulikuwa wazi. Mama Uzi alikuwa amesimama hapo na gauni mkononi, gauni la Dada Miwani alilolipunguza kiuno. Alikuwa amesikia. Uzi aliona aibu iliyouzidi hata woga.

"Mama, sikuwa na maana..."

"Hujakosea," mama alisema taratibu. "Ndivyo ninavyosema mwenyewe."

"Mama Uzi, kaa hapa," Dada Miwani alisema. "Nijibu swali moja. Zamani, wiki ya kufungua shule, wazazi walikuwa wakikunjana mashati mlangoni kwako. Kila mtu anataka sare yake ya kwanza. Siku hizi kumetulia. Kulikoni?"

"Muulize huyo!" Mama alimnyooshea Uzi kidole. "Alinisumbua mpaka nikakubali. Eti tuwapime watoto mapema, wakiwa bado likizo, ili sare ziwe tayari shule zikifunguliwa. Nikamwambia, we mtoto, wenzako wanarefuka, sketi itaishia mapajani! Akasema tuache pindo pana chini. Mtoto akirefuka, tunalishusha kabla ya kumpa mama yake."

"Ni pindo tu," Uzi alisema.

"Ni biashara," Dada Miwani alimkata. "Uliona tatizo, ukafikiri, ukajaribu, mambo yakabadilika. Watu wa chuo wanatafuta hicho. Je, hakuna kilichoharibika?"

"Mwanzoni nilisahau mashati. Mikono ilikuwa mifupi. Wazazi walirudi wamefura."

"Ukafanyaje?"

"Tukawaomba radhi. Tangu hapo tunaacha pindo la mkono pia."

"Andika na hilo. Mtu asiyekosea popote, sisi hatumwamini. Na barua ya mwalimu?"

"Nilitaka ya mkuu wa shule. Ana cheo."

"Anakujua?"

"Ananiita 'wewe'."

Mama aliangua kicheko. Dada Miwani naye alishindwa kujizuia. "Nenda kwa mwalimu aliyekufundisha na anayekujua. Ilipaswa uende mapema, si wiki ya mwisho. Kesho asubuhi uanze kwa kumwomba radhi. Kisha usome maelekezo ya chuo neno kwa neno, ujibu walichouliza, si ulichokariri."

"Niandikie wewe, dada. Ninaogopa."

"Nikikuandikia, nitakuwa Kaka Printa mwenye miwani. Andika mwenyewe. Mimi nitasahihisha herufi."

Uzi aliandika, akafuta, akaandika tena. Insha yake ilianza hivi: Wiki ya kufungua shule, watu wazima walikuwa wakigombana mlangoni kwetu kwa ajili ya sketi. Aliyaona maneno hayo mepesi mno. Alihofu wakubwa wangemcheka. Mwalimu wa hesabu alinung'unika kidogo, kisha akatoa barua nzuri. Kwenye kazi ya mzazi, Uzi alifuta "hana". Akaandika: Fundi wa sare za shule, ana biashara yake. Alhamisi maombi yalikwenda.

Kisha ukaja ule mtihani wa kusubiri. Simu ikilia, moyo ulimruka. Isipolia, ulimruka vilevile. Hatimaye akaitwa kwenye usaili.

Wasaili walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu. Mama mmoja mwenye mvi alishika karatasi mbili, moja kila mkono.

"Uliomba mwaka jana," alisema. "Insha ile tumeiona kwa watu wengi."

Jambo aliloliogopa lilikuwa limefika.  Uongo ulimjia Uzi mdomoni, ukiwa tayari kutoka. Aliumeza.

"Haikuwa yangu. Nilichukua kibandani. Nilidhani ya nyumbani kwetu hayafai kuandikwa. Samahani."

Mama mwenye mvi aliinua karatasi ya pili. 

"Na hii ya sasa?"

"Hii ni yangu. Niulizeni chochote."

"Sijaelewa habari ya pindo," msaili wa pembeni alisema.

Uzi aliinama, akageuza pindo la sketi yake. Akaonyesha alama ya mshono wa zamani, pale lilipokuwa limeshushwa. "Mama alinishonea hii nikiwa mfupi. Bado ninaivaa." Kuanzia hapo aliwaeleza jinsi walivyopima, walivyokata na walivyokosea mikono ya mashati. Alipomaliza, bado alikuwa ameshika pindo.

Mama mwenye mvi aliiweka pembeni ile karatasi ya mwaka jana. Ile nyingine alibaki nayo.

Ujumbe wa chuo ulikuja wakati Uzi akishona vifungo. Aliusoma, akausoma tena, akamwekea mama simu juu ya kitambaa. Umechaguliwa. Mama alifunika uso kwa sketi ya mteja, akalia humo.

Simu ya mama ikaita. Alijifuta machozi, akaibana begani.

"Niambie, shoga... Mimi? Nipo tu, naha..."

Alimtazama binti yake.

"Niko kazini," alisema. "Nipigie baadaye."